Forodhani, Coco Beach au Mama Ngina: jioni ya kula na familia uipeleke wapi?

Kaka yangu anaishi Dodoma. Ana watoto watatu, wa kwanza ana miaka 11 na wa mwisho ana 4, na shule zikifungwa Desemba anataka kuwaleta pwani pamoja na mama yetu. Hataki hoteli ya ufukweni wala safari ya kutazama wanyama. Anataka jioni ya kuzunguka na kula: mishikaki, muhogo, urojo, kashata, madafu, vile vyote ambavyo mama alikuwa akitusimulia tulipokuwa wadogo, maana yeye alikulia Tanga. Akanipigia simu akauliza, "Dada, tuje wapi?"

Nilidhani nitamjibu palepale. Naishi Dar es Salaam, mume wangu ni mtu wa Unguja na mama mkwe yuko huko hadi leo, na mdogo wetu wa kike ameolewa Mombasa. Katika miji hiyo mitatu nimekula jioni nyingi, nikiwa na mtoto mgongoni, nikiwa na wageni, nikiwa na wazee. Lakini kila nilipotaka kutaja mahali pamoja nilikumbuka kasoro yake, na kila nilipokumbuka kasoro nilikumbuka pia kitu kisichopatikana kwingine. Basi nikakaa chini nikaandika, nikijua wapo wengi wenye swali kama la kaka.

Ninalinganisha Forodhani ya Unguja, Coco Beach ya Dar na Mama Ngina ya Mombasa. Tanga, Lamu, Bagamoyo na Kilwa nazipenda sana, ila hizi tatu ndizo ambazo mgeni mwenye familia anaweza kufika bila kushikwa mkono na mwenyeji, na jioni isiyo na mvua atakuta chakula kipo.

Kinacholiwa

Kwa wingi wa vyakula Forodhani haina mpinzani. Bustani iko ukingoni mwa bahari, mbele ya Ngome Kongwe na Beit el Ajaib. Jua likielekea kuzama wachuuzi wanapanga meza, wanawasha taa na kupepea majiko ya mkaa. Kabla ya Isha utakuta pweza, ngisi, kamba, samaki wa kuchomekwa vijitini, mishikaki ya ng'ombe na ya kuku, sambusa, chapati, ndizi za kuchoma, na mashine za miwa zikikamua juisi pamoja na tangawizi na ndimu. Mtoto anayetazama mara ya kwanza hachagui, anaonyesha kidole kila meza.

Ukinisikiliza mimi, katika yote hayo chukua urojo kwanza. Rojo lenyewe ni la njano, la unga na bizari, ukali wake ukitoka kwa embe mbichi, ukwaju au ndimu. Humo mnatiwa bajia, kachori, vipande vya mbatata, mshikaki mmoja uliochomolewa kijitini, yai la kuchemsha kwa anayetaka, kisha chatne ya nazi, pilipili, na juu kabisa chipsi za muhogo zilizovunjwavunjwa. Bakuli moja linamlisha mtu mzima. Na kwa familia lina faida ambayo vyakula vingine havina: kila mtu anatengenezewa lake. Mtoto wa miaka 4 anapewa rojo, mbatata na kachori bila pilipili. Mzee asiye na meno ya kutosha anaambiwa chipsi ziachwe. Mwenye njaa anaongezewa mishikaki. Wote wamekula kitu kimoja, na hakuna aliyeonewa.

Kile wanachokiita pizza ya Zanzibar ni hadithi nyingine. Donge la unga linatandazwa mpaka linakuwa jepesi kama kitambaa, kinawekwa kipande kidogo cha unga katikati, nyama ya kusaga, kitunguu, pilipili hoho, jibini, mayonezi na yai, linakunjwa kama bahasha na kukaangwa kwenye bamba la moto. Mtu wa Unguja akiitazama anaona mantabali ya nyumbani iliyovaa nguo za kutokea. Watoto wanaipenda, na kutazama inavyotengenezwa ni nusu ya raha. Lakini inamshibisha mtoto kabla hajaonja kingine, kwa hiyo moja igawanywe kwa wawili au watatu.

Coco Beach na Mama Ngina zote zinasimama juu ya muhogo, na hapo ndipo ulinganisho unaponoga, kwa sababu muhogo wa Dar si muhogo wa Mombasa.

Wa Coco ni vipande vinene vinavyokaangwa kwenye mafuta mengi mpaka nje pawe pakavu na ndani paachie kama mkate. Unaletewa kwenye sahani na kachumbari na pilipili, mishikaki ikiwa pembeni. Ni chakula cha kushiba kabisa. Ukiupata wa moto, muhogo wenyewe ukiwa mzuri usio na nyuzi, hutatamani chipsi mwaka mzima. Ukiupata uliopoa umekuwa jiwe, na Jumapili watu wakizidi unaweza kupewa uliokaangwa mapema ukarudishwa mara moja kwenye mafuta ili upate joto. Mimi husimama karibu na karai, naagiza kinachoingia wakati huo, nasubiri.

Wa Mama Ngina una sura mbili. Kuna wa kuchoma kwenye mkaa, unaopasuliwa katikati kwa urefu na kusuguliwa ndimu, chumvi na pilipili ya unga. Na kuna wa kukaangwa ukiwa umekatwa mwembamba kama karatasi, unakauka na kulia kah kah mdomoni, nao unanyunyiziwa ndimu na pilipili papo hapo. Huu wa pili ndio uliowafanya Wamombasa wapapende mahali hapa tangu watu walipokuwa bado wanapaita Laitihausi. Ni wa kutafuna huku mnaongea, mkono mmoja kwenye mfuko wa karatasi na mwingine umeshika dafu. Hauhitaji sahani wala meza, na mtoto anaweza kula kidogokidogo saa nzima bila kuvimbiwa. Karibu yake utapata viazi karai, bajia, mahindi ya kuchoma, maembe mabichi yaliyokatwa na kutiwa pilipili.

Kwa ladha peke yake, nikiulizwa niweke mpangilio, muhogo mkavu wa Mombasa ni wa kwanza, urojo wa Unguja unaufuata kwa unywele, na muhogo wa Coco ni wa tatu ila wa tatu mwenye heshima zake. Samaki na kamba wa Forodhani sijawaweka kwenye orodha, na sababu yake nitaieleza nikifika kwenye pesa.

Vitamu

Hapa kuna jambo ambalo wageni wengi hawaambiwi. Vitamu vyetu vya kweli havipo vya kutosha kwenye bustani wala fukwe hizi. Vinauzwa mjini, mchana na alasiri, na anayengoja mpaka usiku anakuta aisikrimu na chokoleti. Forodhani siku hizi ukiomba kitu kitamu unatengenezewa pizza ile ile ikiwa na ndizi au embe na chokoleti ya kupaka. Mtoto atafurahi, ila hajaonja Unguja. Kwa hiyo ninapolinganisha vitamu, nalinganisha mji wote, na ninakushauri siku yako uigawe mara mbili: vitamu baada ya Alasiri, vya chumvi baada ya Magharibi.

Unguja ina halua. Sukari, wanga, samli, hiliki, kungumanga, zafarani, lozi au korosho, vyote kwenye sufuria kubwa, na mtu anakoroga kwa mwiko mrefu kwa saa kadhaa bila kuacha, mpaka itoe mng'aro na kuanza kuachana na sufuria. Mama mkwe anashikilia kwamba halua ya kweli inatoka Pemba, na nyumbani kwake hakuna anayebishana naye. Utaikuta Darajani, soko lililojengwa 1904, na kwenye maduka ya Mji Mkongwe, ikiuzwa kwa uzito au imefungwa kwenye vikapu vidogo vya ukili. Usinunue nyingi. Kipande cha ukubwa wa kidole gumba kwa kila mtu, na kahawa chungu kwa wakubwa. Utamu wa halua unahitaji uchungu wa kahawa pembeni, bila hivyo unachosha haraka. Pale Jaws Corner, ndani ya Mji Mkongwe, kahawa inanywewa kwenye vikombe vidogo huku wazee wakibishana siasa na mpira, na mtoto wa kiume wa miaka 11 akikaa kimya karibu na baba yake atajifunza mengi.

Ongeza mkate wa kumimina, ule wa mchele na nazi wenye matundu matundu na harufu ya hiliki. Ni laini, hautoi mafuta mkononi, na hadi leo sijaona mtoto aliyeukataa.

Mombasa, hata hivyo, ndiyo inayoshinda kwa vitamu, na nasema hivi nikijua nitaulizwa nyumbani. Ingia Mji wa Kale alasiri, upande wa Fort Jesus, tembea polepole kwenye vichochoro. Kuna kaimati, vidonge vya unga uliokaangwa vikaviringishwa kwenye shira nzito. Kuna visheti, vitumbua, mkate wa sinia, kashata za nazi na za njugu, labania ya maziwa inayoyeyuka mdomoni, na gubiti, ile peremende ya sukari ngumu ambayo mama anaikumbuka kutoka Tanga na ambayo watoto wa leo hawaijui. Kuna achari ya maembe, tamu, kali na chachu kwa pamoja. Na kuna mabuyu, ambayo sisi Tanzania tunayaita ubuyu: mbegu za mbuyu zilizopikwa na sukari, hiliki na rangi nyekundu. Unampa mtoto mbegu moja aimumunye, ulimi unakuwa mwekundu kama kitambaa cha bendera, na anatembea akiutoa ili kila mtu aone. Unguja nayo ina ubuyu mzuri sana, mwingine una pilipili, lakini Mombasa unaukuta mjini na unaukuta tena jioni kule Mama Ngina, mkononi mwa mchuuzi anayepita. Wakubwa watafute muuza kahawa tungu, kama wanavyoiita wenyewe, mwenye dele lake na vikombe anavyovigonganisha ili asikike.

Dar si maskini wa vitamu, ila vimetawanyika. Kariakoo kuna kashata na visheti vya kupita navyo. Kisutu na Upanga, ambako familia zenye asili ya Kihindi zimeishi kwa vizazi, kuna jalebi, ladu na faluda. Coco yenyewe ina aisikrimu ya baiskeli, miwa na madafu. Kwa familia yenye mzee, kuzunguka jiji kwenye foleni kutafuta ladu halafu kurudi ufukweni ni adhabu. Ukichagua Coco, vitamu ununue asubuhi uende navyo.

Wapi mama atakaa, wapi mtoto atakimbia

Hili ndilo lililonifanya nibadilishe jibu langu kwa kaka mara tatu. Familia inakwenda kwa mwendo wa yule anayechoka kwanza. Ukiwa na mama mwenye magoti mabovu na mtoto wa miaka 4, swali kubwa ni kama wote mnaweza kuketi pamoja wakati chakula kinakuja kikiwa moto. Nimeona familia zimekula vizuri mno kwa zamu, baba amesimama kwenye foleni ya mishikaki, mama anamtafuta mtoto, bibi peke yake kwenye benchi akilinda mikoba. Hiyo sikuiona raha.

Mama Ngina imetulia kwa jambo hili. Tangu eneo lilipotengenezwa upya na kufunguliwa 2019 kuna njia pana za kutembea, sehemu za kukaa, na mibuyu mikubwa ya zamani imebaki mahali pake. Mnaketi, mchuuzi anakuja alipo mzee, mnaagiza mkiwa mmekaa. Mbele yenu ni mlango wa bahari wa kuingilia bandari ya Kilindini, na meli kubwa ya makontena ikipita inapita karibu mno, kimya, kama jengo linalohama. Watoto wangu hawajawahi kuizoea. Hatari yake ni moja na si ndogo: ukingo ni mwamba wa matumbawe, chini kuna mawe na maji yenye nguvu. Si mahali pa kuogelea, na mtoto mdogo awe upande wa ndani wa watu wazima muda wote.

Coco Beach ina mchanga, na kwa mtoto mchanga unazidi kila chakula. Mnakodi viti au mnatandika mkeka, chakula kinaletwa, watoto wanachimba. Mama anakaa vizuri akishafika kwenye kiti, tatizo ni zile hatua za kufika. Bahari yake itazameni kwa heshima: maji yakijaa yanakula mchanga mwingi, na chini kuna mawe. Mimi wangu huingia mpaka magotini, tena nikiwa nao. Ukifika maji yakiwa kupwa una nafasi ya kucheza, kwa hiyo uliza mapema maji yanajaa saa ngapi. Na ukitokea upande wa mjini pita Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa 2022. Linapita juu ya bahari na kukufikisha karibu kabisa na ufukwe, na watoto watalihesabu kuwa sehemu ya matembezi.

Forodhani inachosha wazee. Bustani ni nzuri, ilikarabatiwa na kufunguliwa tena 2009, ina nyasi, miti na sehemu za kukaa, lakini mpangilio wake ni wa kutembea meza hadi meza katikati ya watu wengi, moshi ukiwa usawa wa uso wa mtoto. Wachuuzi na wanaowaitia wateja wanakuita kwa sauti, na mama yangu, mtu wa aibu, hawezi kupita mbele ya mtu anayemkaribisha bila kusimama kumwitikia. Njia inayofaa ni hii: wazee na wadogo wakae kwenye nyasi au ukuta, watu wazima wawili wakalete urojo na mishikaki kutoka meza mbili tu mlizokwisha zichagua, mle, ndipo watoto wakubwa wapelekwe kuzunguka.

Lakini Forodhani ina machweo. Inatazama magharibi, jua linaingia baharini mbele yako, na vijana wa makachu wanakimbia na kujirusha kutoka ukutani kwa mikao ya kila aina, mmoja kama mshale, mwingine amekunja miguu hewani. Coco inatazama mashariki, jua linazama nyuma ya mgongo wako. Mama Ngina nayo inatazama mlango wa bahari na bahari kuu, mwanga wake wa jioni ni mzuri lakini jua lenyewe hulioni likigusa maji. Kama machweo ndiyo yanayokuvuta, hakuna cha kulinganisha.

Pesa

Bei zinabadilika, kwa hiyo nitasema zilivyopangana tu. Coco na Mama Ngina zinakaribiana: muhogo, mishikaki, dafu na kitu cha kutafuna ni mlo wa mtu wa kipato cha kawaida, na ndiyo maana wenyeji wanajaa. Urojo wa Unguja nao ni wa bei nafuu. Kinachomaliza pochi Forodhani ni vya baharini.

Mwaka mmoja nilipeleka wageni wangu pale. Kijana mmoja akatukaribisha kwa upole, akatueleza kila samaki, akawa anaweka kwenye sahani, "onja na hiki, onja na hiki." Hatukuuliza bei. Hesabu ilipokuja ilikuwa zaidi ya mara tatu ya nilichotarajia, na pweza alikuwa amepashwa moto, mgumu kama kandambili. Mume wangu alipofika akaniuliza kwa Kiunguja chake, "Mlikubaliana bei?" Nikanyamaza. Tangu siku hiyo nauliza bei ya kila kijiti kabla hakijagusa moto, kwa Kiswahili, bila haraka, na nikiona samaki amekwisha kupikwa na amelala juu ya meza tangu jioni simchukui. Wachuuzi waaminifu wako wengi na hawakasiriki ukiuliza. Ushauri wangu kwa familia ni kula urojo, mishikaki, mkate na miwa Forodhani, na samaki mkamle mahali penye bei zilizoandikwa.

Gharama ya Forodhani yenyewe haiishii mezani. Boti ya kutoka Dar inachukua kama saa 2, na boti ya mwisho ya kurudi inaondoka kabla wachuuzi hawajapanga meza. Maana yake jioni ya Forodhani ni lazima mlale Unguja. Kwa watu 6 hiyo ni nauli ya kwenda na kurudi na vyumba viwili, labda uwe na mama mkwe kama mimi. Mombasa, kwa familia ya Nairobi, treni ya SGR imerahisisha tangu 2017. Kwa familia ya Dodoma au Morogoro, treni ya SGR iliyoanza 2024 inawafikisha Dar, na Coco inakuwa safari ya bajaji. Kutoka Dar kwenda Mombasa kwa basi, kupitia Tanga na mpaka wa Horohoro na Lungalunga, ni siku nzima na hati za kusafiria za kila mtoto. Raha yake ni kwamba ukitokea upande huo unaingia kisiwani kwa feri ya Likoni, ambayo watembea kwa miguu hawalipi, na ukishuka Mama Ngina iko jirani.

Saa, siku na vitu vya kubeba

Fika saa 11 jioni, popote utakapochagua. Jua pwani yetu linazama kati ya saa 12 na saa 1 kasoro mwaka mzima, na watoto wadogo wakishavuka saa 2 usiku hakuna chakula kinachowatuliza. Coco epuka Jumapili na sikukuu za Idi na Krismasi kama una mzee, watu hujaa hadi barabara inaziba. Ijumaa au Jumamosi alasiri panapumua. Mama Ngina Jumapili inajaa pia, ila kwa kuwa ni ndefu mnapata pa kukaa. Ramadhani mchana usitegemee kula hadharani Unguja, na si adabu kujaribu. Usiku wake lakini, Unguja na Mji wa Kale wa Mombasa, ndio wakati vitamu vinapikwa kwa wingi kuliko miezi mingine yote, na mwenye nafasi ya kuchagua mwezi achague huo. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, ni kubahatisha.

Upepo nao una neno. Wakati wa kusi Coco na Mama Ngina zinapigwa moja kwa moja, mchanga unaingia kwenye kachumbari, mama anahitaji shali. Forodhani iko upande wa magharibi wa kisiwa, inakingwa.

Beba vikombe vyenu kwa ajili ya juisi ya miwa, kwa sababu glasi za mchuuzi huoshwa kwenye ndoo moja jioni nzima. Beba maji ya kunawa na sabuni. Beba chombo chenye mfuniko cha chakula kitakachobaki na halua mtakayonunua: mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya 2017 na Tanzania Bara 2019, na Zanzibar kabla ya hapo, hivyo hutapewa. Beba noti ndogo, chenji ni shida kila mahali. Kama kuna mtoto asiyeweza njugu au korosho, mwulize mchuuzi kila mara, hata kwenye halua na kashata ambazo kwa macho hazionyeshi.

Nilivyomjibu kaka

Kama ungekuwa Nairobi, nilimwambia, ningesema Mombasa bila kufikiri mara mbili: alasiri Mji wa Kale kwa kaimati na mabuyu, magharibi Mama Ngina kwa muhogo mkavu, mama amekaa na meli zinapita. Kwa familia yenye mzee na wadogo pamoja ndiyo jioni iliyokamilika kuliko zote tatu. Kama mngekuwa wawili tu, wewe na wifi, au watoto wameshakua na miguu ina nguvu, ningesema Unguja, mlale siku mbili. Vijana wa kuanzia miaka 13 huizungumzia Forodhani mwaka mzima.

Lakini anatoka Dodoma, ana mtoto wa miaka 4, ana mama, na bajeti yake naijua. Kwa hiyo tunaanza na Coco, Ijumaa, maji yakiwa kupwa. Nitanunua ladu na kashata asubuhi. Mama atakaa kwenye kiti chenye egemeo, muhogo utaletwa ukitoka kwenye karai, na watoto watachimba mchanga mpaka giza.

Jumamosi yeye na wale wawili wakubwa watapanda boti ya asubuhi. Mama mkwe ameshasema watalala kwake, na ameshamtuma mtu Darajani kuweka oda ya halua. Watakula urojo Forodhani, wataona makachu, hawatagusa kamba. Mimi nitabaki Dar na mama na yule mdogo, na Jumapili jioni tutawapokea bandarini. Mama ameomba kitu kimoja tu waje nacho, kipande cha mkate wa kumimina, wa moto kama ikiwezekana. Nimemweleza kwamba ni saa 2 baharini. Akasema wauzungushie khanga.